KICHOCHO CHA ZIWANI: KWA NINI MAYAI HAYAISHI?

Leo siasa naiweka pembeni kidogo, hata mpira wa Kaitaba nauacha. Nataka tuongee minyoo. Najua mwenye andazi mkononi hapo kafe ananilaani, lakini vumilia ndugu yangu, hii inakuhusu kama umewahi kuoga ziwani hata mara moja.

Kuna ubishi niliukuta Muleba kati ya vijana wa mwaloni, hawa wanaokwenda dagaa visiwani. Mmoja alimeza vidonge vya kichocho akiwa shule ya msingi, akameza tena ukubwani, na juzijuzi kapimwa choo, kaambiwa ana mayai. Akahitimisha papo hapo: "Dawa feki." Mwenzake akabisha kwamba mnyoo akifa kafa, hafufuki, kwa hiyo jamaa atakuwa alivitupa vidonge akawadanganya. Ikawa kelele mpaka Ta mmoja mtu mzima akawaambia wote wawili wanyamaze, wanafukuza wateja wa samaki. Mimi nikaondoka na swali, maana swali lilikuwa zuri kuliko majibu waliyopeana. Hayo mayai yanatoka wapi miaka yote hiyo?

Kwanza tuwekane sawa. Ukitaja kichocho wengi wanafikiria kukojoa damu. Hicho ni kichocho cha mkojo, waulizeni ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanakijua vizuri. Cha huku ziwani kwetu ni kichocho cha tumbo, na mnyoo wake kitaalamu anaitwa Schistosoma mansoni. Huyu hakai karibu na kibofu. Anakaa ndani ya mishipa ya damu inayozunguka utumbo, na mayai yake yanatoka na choo kikubwa. Kwa hiyo mtu anaweza kukaa nao miaka, mkojo wake msafi kabisa, anajisifu mzima.

Dume lake lina urefu wa kama sentimita moja na lina mfereji mwilini kwa mbele. Jike ni jembamba kama uzi, linalala ndani ya mfereji huo. Wanaishi wamekumbatiana hivyo, kwa kawaida miaka 5 hadi 10, na wapo watu waliohama kabisa kwenye maeneo ya kichocho wakaja kukutwa na minyoo hai baada ya zaidi ya miaka 30. Fikiria, ndoa ya miaka 30 ndani ya mshipa wako wa damu, na kodi hawalipi!

Sasa shika kalamu. Jike mmoja anataga mayai kama 300 kwa siku. Kwa mwaka hiyo ni zaidi ya 100,000. Na kila yai moja halitengenezwi na seli moja tu. Ndani yake kuna seli ya yai yenyewe, halafu imezungukwa na seli za kiini kati ya 30 na 40 zinazobeba chakula na malighafi za ganda. Piga hesabu: kiumbe asiyefika unene wa uzi wa kushonea anazalisha seli 9,000 hadi 12,000 kila siku kwa ajili ya mayai peke yake. Kila siku!

Na mayai ndiyo ugonjwa. Hili wengi hatulijui. Mnyoo mwenyewe hana fujo sana, anakunywa damu yake kimya kimya. Shida ni kwamba karibu nusu ya mayai hayatoki na choo, yanasombwa na damu mpaka kwenye ini, mengine yananasa kwenye ukuta wa utumbo. Mwili unalizingira kila yai kwa uvimbe mdogo, na uvimbe unaacha kovu. Kovu juu ya kovu, miaka inakwenda, ini linakakamaa, damu inakosa pa kupita, bandama linavimba, tumbo linajaa maji, mishipa ya koo la chakula inatuna mpaka inapasuka. Ukisikia kijana wa kisiwani katapika damu beseni zima, usikimbilie kusema karogwa.

Kwa hiyo ubishi wa mwaloni ukiutazama vizuri ni ubishi wa kiwanda. Nani anakiendesha, malighafi inatoka wapi, na kwa nini hakichakai? Kulijibu hilo inabidi nikutoe ziwani kidogo nikupeleke kwa binamu wa mnyoo huyu, maana yeye ndiye aliyewafundisha wataalamu wapi pa kutazama.

Mnyoo wa kichocho yuko katika ukoo wa minyoo bapa. Tegu yumo humo humo. Lakini wapo minyoo bapa ambao hawamsumbui mtu, wanaishi zao chini ya mawe kwenye maji, na maarufu kuliko wote anaitwa planaria. Huyu ukimkata vipande viwili unapata planaria wawili. Kichwa kinaota mkia, mkia unaota kichwa, na ubongo wake mpya juu. Mwaka 1902 Mmarekani Thomas Hunt Morgan, ambaye baadaye mwaka 1933 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi ya inzi, aliandika jambo lililoonekana la ajabu zaidi: alikata vipande vya kichwa ambavyo ndani yake havikuwa na ovari wala korodani hata chembe, na vipande vile vikakua vikaota viungo vya uzazi upya.

Kama huoni ajabu yake, jilinganishe. Kwetu binadamu seli za uzazi zinatengwa mapema sana, mimba ikiwa na wiki chache tu. Zinawekwa upande wake kama mbegu ya maharage ambayo bibi anaificha juu ya dari, hailiwi. Mtoto wa kike anazaliwa na akiba ya mayai yake yote, na mtu akipoteza ovari zote mbili au korodani zote mbili, hakuna sehemu nyingine ya mwili itakayomtengenezea mbegu mpya. Planaria hana dari. Anakwenda kwenye ghala la kawaida la mwili, anachota seli yoyote iliyo tayari, anaifanya mbegu.

Ghala hilo ndilo linaloitwa seli shina. Hizi ni seli ambazo bado hazijachagua kazi. Seli ya ngozi imeshakuwa ngozi, haiwezi kugeuka, lakini seli shina inaweza kujigawa, nusu ikabaki kuwa akiba na nusu ikaenda kuwa msuli, neva, utumbo, au mbegu. Planaria amejaa seli hizo mwili mzima. Mwaka 2011 watafiti wa maabara ya Peter Reddien kule Marekani waliwapiga planaria mionzi mpaka seli shina zao zote zikafa, wanyama wenyewe wakawa wanasubiri kufa. Halafu wakampandikizia mmoja mmoja seli shina MOJA tu kutoka kwa mzima. Moja! Baadhi yao wakapona, mwili wote ukajengwa upya kutokana na seli ile.

Sasa seli inajuaje kwamba wewe twende ovari, wewe baki msuli? Mwaka 2007 kundi la Phillip Newmark, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Illinois, lilionyesha kwamba kuna jeni inaitwa nanos ambayo bila yake planaria hawezi. Walipoizima, mnyama aliendelea kuota kichwa, mkia, macho, kila kitu kama kawaida, lakini seli za uzazi hazikutokea, na kwa waliokuwa nazo zikapotea. Yaani mwili mzima, ghala limejaa, ila mlango wa chumba cha mbegu umefungwa. Na kilichonifurahisha mimi, hata wale planaria ambao hawazai kwa mayai, wanaojikata wenyewe wakawa wawili, nao wana seli zenye nanos mahali pale pale. Mbegu zipo, zimelala tu.

Haya, turudi ziwani. Watu hao hao wa planaria wakajiuliza: na huyu wa kichocho je? Yeye ukimkata haoti kichwa, tusidanganyane. Lakini anaishi miaka kibao ndani ya damu, mahali ambapo kinga ya mwili inamshambulia asubuhi mpaka jioni. Mwaka 2013 James Collins, Bo Wang, Newmark na wenzao wakatoa jibu: mnyoo mzima wa kichocho naye ana seli shina zinazofanana sana na za planaria. Baadaye ikaonekana nyingi zinatumika kutengeneza ngozi mpya bila kuchoka. Kinga ikichubua, yeye anabandika nyingine, kama fundi wa mtumbwi anayeziba kila asubuhi kabla hajaingia majini.

Na sehemu inayotuhusu zaidi sisi wa huku ni safari ya seli hizo. Fuatilia taratibu. Mtu anajisaidia majanini pembeni ya ziwa, au choo cha mwaloni kimejaa na mvua inakisomba. Yai likigusa maji linapasuka, anatoka lava mdogo anayeogelea kumtafuta konokono. Akimpata anaingia, anavua karibu kila alichokuja nacho, kinachobaki cha maana ni seli shina zake. Zinajigawa ndani ya konokono, zinatengeneza vifuko, vifuko vinatengeneza vifuko vingine, na baada ya wiki kama nne hadi sita konokono anaanza kumwaga lava wengine wenye mkia wa panda. Kutoka lava MMOJA aliyeingia wanaweza kutoka maelfu, wote nakala moja, wote jinsia moja. Hakuna dume wala jike waliokutana hapo, ni seli shina tu zinanakiliana.

Hao wenye mkia ndio wanaoingia kwenye ngozi yako. Wanatoka zaidi mchana jua likiwa kali, muda ule ule ambao watoto wa Bukoba wanakimbilia kuogelea. Dakika chache tu ameshapenya, mkia kauacha nje, na ndani yake kabeba seli shina chache za kuhesabika. Mwaka 2018 Wang, Newmark na wenzao walizifuatilia seli hizo wakaona ni kutoka kwenye kundi fulani miongoni mwao ndiko seli za uzazi zinakotokea, wakaipata na jeni inayoziwekea alama mapema kuliko zote zilizojulikana. Na zinapotokea si ndani ya konokono. Zinatokea baada ya mnyoo kuingia kwenye mwili wa mnyama au mtu. Kwa lugha nyingine, lava anayekuingilia pale ufukweni hana ovari wala korodani. Anazijenga ndani yako, kwa damu yako.

Halafu kuna hii ya ndoa, ambayo mimi naona ndiyo kali kuliko zote. Jike wa kichocho akikaa peke yake hakui. Hilo lilishaonekana tangu 1928 kwa mnyoo wa jamii yake wa kule Asia: jike bila dume anabaki kibinti, kiwanda cha seli za kiini hakifunguki. Na hata aliyekwishakomaa, ukimtenganisha na mumewe, ovari inasinyaa, seli za kiini zinaisha, mayai yanakoma. Hafi. Anaishi tu, akiba yake ya seli shina ipo. Mrudishie dume, kiwanda kinafunguliwa upya na anaanza kutaga.

Watu walihangaika miaka mingi kujua dume anampa nini. Mbegu? Chakula? Mwaka 2022 maabara ya Collins, siku hizi iko Dallas, ikakipata: ni kemikali ndogo sana, dume anaitengeneza anapomgusa jike. Walipoiweka hiyo kemikali peke yake kwenye chombo chenye majike yasiyowahi kuona dume, majike yakakomaa na kutaga mayai. Mayai hayo hayakuwa na baba, lakini yalitagwa. Kwa hiyo dume hapo ni kama mtu wa kuwasha jenereta. Umeme haumtoki yeye.

Sasa tuwarudie vijana wetu na vidonge vyao. Dawa inaitwa prazikwanteli, kipimo cha kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili, ndiyo maana mtu wa kilo 60 anapewa vidonge vinne vya miligramu 600. Haina ufeki. Inamshika mnyoo mkubwa, misuli inakakamaa, ngozi inapasuka, kinga ya mwili inammalizia. Lakini ina mipaka yake. Minyoo wachanga, wenye wiki tatu nne tangu waingie, dawa haiwagusi sana. Umemeza leo, wakubwa wamekufa, wadogo walioingia mwezi huu wanakua, wanakutana, mmoja anamwasha mwenzake, na baada ya wiki kadhaa mayai yanatoka. Pili, dozi moja haiui wakubwa wote kwa kila mtu. Aliyebaki hai ana seli shina zake, na tangu miaka ya 1980 imeonekana kwenye panya kwamba mnyoo aliyenusurika dawa anakarabati ngozi yake. Tatu, na kwa mtu wa mwaloni hii naiweka mbele ya zote, jamaa kameza asubuhi na jioni yuko kwenye maji mpaka kiunoni anavuta nyavu. Ni minyoo wapya hao, wala si wa zamani kufufuka.

Kwa hiyo kijana wa kwanza hakupewa dawa feki, na wa pili hakuwa na sababu ya kumwita mwenzake mwongo. Ongeza na hili: kipimo cha choo kinahesabu mayai, hakihesabu minyoo. Kinaitwa Kato-Katz, na Kato hapa si pacha wetu wa Kihaya, ni Mjapani, Katz ni Mbrazili. Mnyoo mchanga ambaye hajaanza kutaga, au jike aliyekosa dume, kipimo hakimuoni. Ukiambiwa huna mayai maana yake ni hiyo hiyo, huna mayai.

Ndiyo maana hao wataalamu wa seli shina wanachokitafuta ni tofauti kidogo na dawa tuliyoizoea. Wanajiuliza: vipi tukizima kiwanda tu? Jike abaki hai lakini asikomae, asitage. Asipotaga, ini halipati kovu na ziwa halipati mayai mapya. Unaweza kulenga ile kemikali ya dume, au jeni zinazoifanya seli shina iwe mbegu. Wazo tamu sana, lakini bado liko maabara, hakuna kidonge cha namna hiyo duka lolote la dawa, hivyo mtu akikuuzia stendi mwambie nimekukatalia mimi. Kilichokwisha kutoka kweli ni prazikwanteli ya watoto wadogo wa kuanzia miezi mitatu hadi miaka sita, ambayo majaribio yake makubwa ya mwisho yalifanyika Kenya na Ivory Coast, na wadhibiti wa dawa wa Ulaya wakaitolea maoni mazuri Desemba 2023.

Mimi binafsi naipenda sayansi hii, lakini nikipiga hesabu yangu ya Kihaya naona choo kimoja kizuri mwaloni kinafanya kazi ile ile ya kuzuia yai lisifike kwa konokono, na hakihitaji maabara ya Dallas. Tatizo visiwani mwamba uko juu, maji yako juu, shimo halichimbiki, na watu wanahamahama kufuata dagaa. Nani ajenge choo cha kudumu kwenye kambi ya miezi mitatu? Ndiyo sababu mayai ya Muleba yanarudi Muleba.

Jambo moja nataka kusikia kutoka kwenu. Miaka mingi vidonge vililenga zaidi wanafunzi wa shule ya msingi. Februari 2022 Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake, likasema mahali ambapo maambukizi yamefika asilimia 10 au zaidi, wapewe wote kuanzia miaka miwili, wakiwemo watu wazima. Mvuvi wa miaka 25 ndiye anayeshinda majini kuliko mtoto yeyote. Wadau wa Goziba, Bumbire, Ikuza, Kerebe, na nyie wa Kemondo: kwenye mwalo wenu watu wazima wanafikiwa au bado ni wanafunzi tu? Mara ya mwisho vilikuja lini, na vilitosha? Andikeni hapo chini na mtaje mwalo. Matusi nitayafuta kama kawaida, majina ya watu pia.